Marehemu Yuko Jikoni

Coventry,
12 Novemba 1973

Malcolm,

Salamu. Sisi huku hatujambo, pamoja na yule uliyemzika.

Jana nilikuwa namenya viazi vya mchana. Keith yuko mezani kwenye kiti chake cha magurudumu, redio imewashwa. Mtangazaji akasema sasa tusikilize wimbo mpya wa Lucian Frost, "Theluji Juu ya Ndugu Yangu", aliomtungia mdogo wake aliyefariki kwa ajali ya pikipiki akiwa na miaka kumi na tisa. Nikadhani labda kuna Lucian Frost mwingine, maana siku hizi kila kijana anayejipaka wanja ana jina la kubuni. Kisha nikasikia sauti yako.

Keith aliweka kijiko chini. Alisikiliza mpaka mwisho, piano, kwaya na mbwembwe zote. Unajua tangu ajali maneno yanamtoka moja moja, kama wazee wanaoshuka ngazi. Akasema, "Kumbe nimekufa." Halafu akasema, "Na ngoma imechelewa, ubeti wa pili." Hakula tena siku hiyo.

Malcolm, mengi nimeyameza. Ulipoacha jina la baba ukajiita Frost, nilimeza. Ulipotokea kwenye televisheni umevaa viatu vya soli kama matofali, mashavu yanametameta kama samaki sokoni, wanawake ninaofanya nao kazi kwenye jiko la shule walinicheka wiki nzima, na nikakutetea. Nikawaambia kila mtu na kazi yake. Lakini hii ya kumuua Keith nitakutetea nayo vipi? Mtu namwogesha kila asubuhi, namlisha, namgeuza asipate vidonda, wewe unasimama mbele ya taifa unasema yuko chini ya theluji. Keith hajawahi kulaliwa na theluji. Dirisha lake nalifunga mimi.

Leo nilivaa koti niende kwenye gazeti. Keith akanizuia. Nikamuuliza kwa nini anamhifadhi mtu wa namna hii. Akasema, "Simhifadhi. Aliyeniua ndiye anifufue."

Basi nimevua koti na kukuandikia. Mdomo unao, na redio unazo. Fanya haraka.

Dada yako,
Glenys


London,
20 Novemba 1973

Dada Glenys mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo unaendelea vizuri na baridi haijaanza kukusumbua. Mimi ni mzima, ila silali. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani.

Nisikilize kabla hujaendelea kunichinja. Unaukumbuka ule mwezi wa Desemba Keith alipokuwa hajitambui. Wewe ulikwenda nyumbani kubadilisha nguo na mimi nikabaki naye. Daktari alikuwa ametuambia tujiandae. Nje theluji inaanguka, na ile mashine ya kumpumulia inakwenda fuu, kimya, fuu, kimya. Mwendo wa wimbo ni ule ule wa mashine. Nilianza kuimba polepole ili nisiisikie, na maneno yakaja yenyewe. Sikumuua mtu, dada. Siku ile alikuwa anakufa, nami nilikuwa namuaga.

Alipozinduka nikaufungia wimbo sandukuni, ukakaa humo karibu miaka mitatu.

Kiangazi hiki tulikuwa tumekwisha. Studio imekodiwa, na sisi tuna nyimbo za magari na nyota, upuuzi mtupu ambao hata mama zetu wasingeununua. Nikakaa kwenye piano kupoteza muda, nikaupiga. Gareth, yule mpiga gita wetu kutoka Wales anayemcheka kila mtu, akaacha kutafuna. Wakaniambia nirudie. Sefton Ingle, mtayarishaji, akazima taa zote isipokuwa moja. Ngoma tuliipeleka kwenye ngazi za jengo ili ilie kwa mbali. Mimi nilivua vile viatu unavyovichukia nikaimba miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji, na ule ubeti wa mwisho unaousikia niliuimba mara moja tu, nikashindwa kuurudia. Vyaelea vimeundwa, dada. Wimbo ule haukuokotwa.

Nilimwambia Sefton kwamba ndugu yangu alipona. Wallahi nilimwambia. Akasema, "Malcolm, wimbo wa mtu aliyepona haumlizi mtu." Nikasema hajapona kabisa, hatembei. Akasema, "Hapo ndipo utawachanganya watu. Afe, au asiwepo." Mwandishi wa gazeti alipokuja, Sefton ndiye aliyesema. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake na sikukanusha. Kosa langu ni hilo tu, kukaa kimya.

Sasa wimbo unapanda. Wasichana wananiandikia kuhusu kaka zao, baba zao, watoto wao. Nikisema leo ni uongo, nawaambia nini hao? Nipe mpaka Krismasi ipite. Nitalirekebisha kwa njia yangu. Mwambie Keith nampenda.

Mdogo wako,
Malcolm


Coventry,
16 Januari 1974

Malcolm,

Hujambo. Krismasi imepita. Nilikupikia bata mzinga kwa sababu kwenye kadi yako ulisema unakuja, tukamla kwa siku sita. Wimbo wako ulikuwa namba moja sikukuu zote. Watoto waliouimba mlangoni kwetu wakiomba peremende hawakujua kwamba marehemu yuko jikoni, anawasikiliza. Keith alinituma niwaambie wanakosea ufunguo wa muziki.

Nakuandikia kwa sababu ya baba.

Jumamosi nilikwenda makaburini kama kawaida. Nikakuta wasichana watano au sita wamepiga magoti, wanalia kwa zamu. Kuna msichana aliyesoma na wewe ambaye aliwaambia jina letu la kweli, wakatafuta, wakaona jiwe limeandikwa K. Tranter. Kenneth Tranter, Malcolm. Fundi wa mashine miaka thelathini, mtu ambaye hakupenda hata tai yenye maua. Wamemwagia jiwe lake unga wa kumetameta. Wamelibusu, rangi za midomo zimejaa mpaka kwenye tarehe, ambazo hakuna aliyezisoma. Mmoja amemwachia kipande cha nywele zake.

Niliwaambia huyu ni baba yangu, Keith yuko nyumbani anatazama mpira. Walinitazama kwa huruma. Mmoja akasema, "Dada, tunaelewa, majonzi ni mazito." Wakanikumbatia. Fikiria, wananipa pole kwa kifo cha mtu niliyemwacha anakula mkate na jibini.

Bi Enid Mallory wa nyumba ya pili naye alijaribu. Waliposimama mbele ya nyumba yetu na maua, alitoka akawaambia kijana yuko hai, anamsikia akikohoa kila siku ukutani. Wakamwita mchawi. Kwa hiyo nimejua kitu kimoja, kwamba hata nikienda gazetini sitaaminiwa. Hawataki Keith awe hai. Wanaye mmoja tayari, mzuri zaidi, hakohoi.

Nilisugua jiwe la baba kwa brashi na maji ya moto mpaka vidole vikafa ganzi. Ule unga hautoki wote. Baba yako anametameta, Malcolm. Natumaini umefurahi.

Keith anakutumia salamu kutoka ahera.

Glenys


Hamburg,
3 Machi 1974

Dada Glenys,

Hujambo na mgongo? Mimi niko Ujerumani na kundi, nina mafua ila naendelea.

Suala la baba limenisikitisha. Nitaomba kwenye jarida la mashabiki waache kwenda makaburini.

Lakini dada, naomba uache na wewe. Unaandika kama mtu aliyekabidhiwa ukweli peke yake. Jana usiku ukumbi mzima wa Wajerumani, ambao nusu yao hawajui ninachosema, walishikana mikono wakalia. Mzee mmoja mwenye mkono wa bandia alisimama mbele yangu mpaka wimbo ukaisha. Hicho nacho ni kitu. Wewe unaona uongo, mimi naona watu wanaotua mizigo yao. Keith mwenyewe, angekuwa mzima, angekuwa mpiga ngoma wangu, na angesema tuendelee.

Tarehe 11 Mei tunakuja kuimba Coventry, kwenye ule ukumbi wa sinema wa zamani. Naomba jambo moja tu. Usimlete. Si kwamba namwonea aibu. Kuna waandishi wa habari, kuna Sefton, na watu wanaosukumana, anaweza kuumia. Nitakuja nyumbani kesho yake, kimyakimya.

Nimewatumia televisheni ya rangi. Mwambie Keith sasa ataona majani ya uwanja ni ya kijani.

Mdogo wako,
Malcolm


Coventry,
14 Mei 1974

Malcolm,

Siulizi hali yako. Niliiona.

Barua yako niliisoma kwa sauti kwa sababu yanayomhusu Keith simfichi. Ulipofika "usimlete", akasema, "Nitafutie shati jeupe." Nikamwambia tusijidhalilishe. Akasema, "Labda anasubiri nijitokeze. Labda hajui pa kuanzia." Ndivyo alivyokuwa anakufikiria, Malcolm, mpaka jioni ile. Ulijue hilo.

Mume wa Bi Enid alitusaidia kumpandisha ngazi za ukumbi. Walinzi wakatuweka pembeni mbele, karibu na jukwaa, kwa sababu kiti chake kilikuwa kinaziba njia. Karibu naye alikuwepo msichana aliyejichora machozi ya fedha shavuni. Ulipoanza ule wimbo alimshika Keith bega, akamwambia kwa upole, "Unajua anamwimbia nani? Mdogo wake. Alikufa."

Keith akasema, "Namjua."

"Ulimjua kweli? Alikuwaje?"

Ikachukua muda maneno kutoka. "Alikuwa mpiga ngoma. Mzuri kuliko huyu."

Msichana alicheka na kulia kwa pamoja, akambusu paji la uso.

Kwenye ubeti wa pili ukatembea mpaka ukingo wa jukwaa upande wetu. Ukamwona. Usiniambie taa zilikuwa machoni, maana uliruka mstari mzima, mimi na wewe tunajua. Mdomo ulikuwa wazi na haukutoa kitu. Keith akainua mkono wake wa kushoto, ule unaofanya kazi. Hakuupunga, aliuinua tu, kama mwanafunzi anayeitika jina lake.

Ungeshuka tu, ngazi zilikuwa tatu. Usingehitaji hata kusema neno, ungemshika tu mkono. Badala yake uligeuka ukaenda upande wa pili, ukafunga macho, ukamalizia kumzika. Na watu wakapiga makofi mpaka vumbi likadondoka darini.

Tulizunguka mlango wa nyuma. Nikamwambia baunsa huyu ni ndugu yake. Akasema, "Mama, leo nimeshaletewa ndugu zake wanane." Ukatoka umefunikwa koti kichwani, gari likaondoka. Kesho yake hukuja kimyakimya wala kwa kelele.

Tulipofika nyumbani nikamvua Keith lile shati jeupe. Akasema, "Sasa basi, Glenys." Sijui kama alimaanisha shati.

Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Yako imefika mpaka Ujerumani. Endelea nayo, usikatishie kwetu. Televisheni yako nimempa Bi Enid. Usituandikie tena.

Glenys


Blackpool,
2 Oktoba 1995

Dada Glenys,

Shikamoo, kama salamu yangu bado inapokelewa. Sijui kama anwani ni ile ile, ingawa kadi nilizotuma miaka ya mwanzo hazikurudi. Natumaini wewe na Keith mko salama. Mimi nina sukari na goti moja bovu, mengine ni uzee.

Huenda umeusikia wimbo tena. Yule msichana wa Manchester ameuimba upya na gita peke yake, na umekuwa namba moja mara ya pili. Vijana ambao hawakuzaliwa wakati ule wananisimamisha barabarani. Mimi niko hapa hotelini ufukweni, naimbia wastaafu Jumatano na Jumamosi, nimevaa nguo za kumetameta ambazo zipu zake hazifungi tena. Kundi lilikufa mwaka sabini na sita. Gareth ana duka la mazulia. Sefton amefariki. Ninachoimba watu wakasimama ni wimbo ule mmoja.

Sasa televisheni inatengeneza kipindi kuhusu wimbo huo. Mtafiti wao, anaitwa Imogen Pryce, amekwenda kutafuta cheti cha kifo cha Keith na hakukipata. Akapiga simu nyumbani. Ameniambia mwanamume alipokea. Hakuniambia walichozungumza, alitabasamu tu, akasema atanirudia.

Dada, Keith alimwambia nini?

Naomba msaada wako. Mnaweza kusema ni binamu mwenye jina hilo. Au mseme kulikuwa na pacha. Mimi nina miaka arobaini na saba, sina mke wala mtoto. Wakiuondoa wimbo huu, hakuna kitu ndani ya hii nguo. Nijibu haraka.

Mdogo wako,
Malcolm


Coventry,
6 Oktoba 1995

Malcolm,

Barua imefika. Tuko pale pale. Hali zetu hukuwahi kuzihitaji, kwa hiyo nazipita.

Miaka ishirini na moja, na ukirudi unakuja na pacha. Kwanza mdogo wako alikufa, sasa unataka azaliwe mara mbili.

Simu alipokea Keith. Siku hizi ina kitufe cha spika, anakibonyeza mwenyewe. Mimi nilikuwa naanika nguo, nikasikia sauti ya binti ikiuliza kwa adabu kama hapo ni kwa jamaa wa marehemu Keith Tranter. Keith akamjibu, "Mimi ndiye marehemu. Nikusaidie nini?" Binti alipoanza kuuliza maswali, Keith akamwambia, "Muulize mwimbaji." Akakata. Hiyo ndiyo hadithi yote. Nilimwambia sasa ndiyo nafasi, mwambie kila kitu, nimechoka kusikia wimbo huo dukani, kanisani, kwenye lifti. Nimekwenda mazishi ya watu kumi na kitu na yote wameupiga, nikakaa pale na kofia yangu nikisikia mdogo wangu anazikwa pamoja na mama wa mtu mwingine. Keith hataki. Bado ni mkaidi kama alivyokuwa.

Lakini sikuandikii kwa sababu ya hofu yako. Nina mawe kwenye nyongo. Wananipasua tarehe 16, nitalazwa wiki nzima au zaidi. Muuguzi wa manispaa anaweza kuja kwa muda wa saa moja tu kila asubuhi, siku za kazi. Bi Enid alifariki. Nimewauliza wote wa kuulizwa kabla yako, na ujue hivyo.

Njoo umtunze ndugu yako. Sikuombi, na hakuna anayekusamehe. Ufunguo uko kwa fundi viatu wa kona. Keith anaamka saa moja. Chai yake iwe vuguvugu, kikombe chenye masikio mawili. Dawa nimezipanga. Usiimbe ndani ya nyumba.

Glenys


Coventry, nyumbani,
19 Oktoba 1995

Dada Glenys,

Shikamoo. Muuguzi wa wodi ameniambia kwenye simu upasuaji ulikwenda vizuri na kwamba umeshagombana na mtu wa chakula, nikajua umepona. Sisi huku tunaendelea.

Siku ya kwanza Keith hakunisemesha isipokuwa maelekezo. "Juu. Chini. Si hivyo." Nilimmwagia chai. Nilipomwinua nilimbana mkono, akanitukana tusi ambalo baba alikuwa analitumia kwa mashine. Sikujua ni mzito hivi. Sikujua ana mvi. Kichwani mwangu, dada, alikuwa na miaka kumi na tisa bado, nadhani niliuamini wimbo wangu mwenyewe.

Leo asubuhi nilikuwa namwogesha. Nimemweka kwenye kile kiti cha bafuni, maji yamefika mapajani, nimekunja mikono ya shati, kengele ikalia. Nikaenda kufungua. Ni Imogen Pryce, na koti lake la mvua, peke yake bila kamera. Akashangaa kuniona. Akauliza, "Kuna nani mwingine ndani?"

Nikasema, "Jirani. Mgonjwa. Namsaidia dada yangu."

Lilitoka lenyewe, hata sikulifikiria. Akaniangalia, akashukuru, akageuka. Nikafunga mlango.

Nikarudi bafuni. Mlango wa bafuni ulikuwa wazi wakati wote. Keith alikuwa amekaa vilevile, amejikumbatia kwa mkono mmoja, ngozi imesisimka. Nikangoja anitukane. Akasema, "Maji yamepoa."

Ni hayo tu. Nikashika birika nimwongezee ya moto. Nikaliweka chini. Nikatoka mbio. Nina soksi tu, mikono inachuruzika, goti langu unalijua, na mvua. Alikuwa ameshawasha gari, nikakimbia mpaka kwenye taa za kuongozea magari, alikosimama, nikampigia kioo. Akateremsha. Nikashindwa kupumua. Nikamwambia, "Si jirani. Ni Keith. Ni ndugu yangu, yuko hai, hakufa hata siku moja, na nimejua wakati wote."

Akaniambia niingie garini nisipate homa. Watu wa kituo cha basi walikuwa wananitazama. Nikamweleza yote, ya hospitali, ya Sefton, ya jukwaani hapa Coventry. Kesho kutwa anakuja na kamera, na Keith amesema wanaweza kuingia wakivua viatu.

Sijui watanifanya nini watu. Hoteli labda itanifukuza. Lakini nimesema, dada. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu kwanza, na nilitaka ujue kwamba nilikimbia.

Mdogo wako,
Malcolm


Wodi ya Wanawake,
20 Oktoba 1995

Malcolm,

Barua yako imeletwa na chai. Kidonda kinauma nikikohoa, mengine salama.

Kwenye kitanda cha jirani yupo mama mmoja, Bi Rosalind. Mumewe alizikwa kwa wimbo wako mwaka juzi, na alikuwa ananihadithia kwa machozi jinsi ulivyomfaa. Nilikuwa nimeshika barua yako mkononi. Nikamwambia huyo wa kwenye wimbo yuko hai, anaishi kwangu, hapendi njegere. Akageukia ukuta. Hakunisemesha asubuhi nzima. Wauguzi walidhani nimemwibia kitu. Chakula cha mchana kilipoletwa akageuka, akaniuliza, "Na anapenda nini, basi?" Nikamwambia pai ya nyama na figo. Akasema mumewe pia. Tukala. Sijui watu wengine watalipokea vipi, ila huyo amelipokea hivyo.

Sasa wewe. Unaniandikia ukurasa mzima kuhusu soksi zako na goti lako na jinsi ulivyokimbia mvuani, na unangoja nikupongeze. Nimetafuta kwenye barua mstari unaosema Keith alikuwa wapi wakati wewe umekaa garini unamsimulia binti wa watu historia ya maisha yako. Haupo. Alikuwa kwenye maji, Malcolm. Yaliyopoa. Mlango wa nje wazi, Oktoba. Keith hawezi kujitoa kwenye maji wala kushika ukingo kwa mkono wa kulia, na akiteleza kwenye kile kiti hakuna sekunde ya kupoteza. Nimempigia simu mara tu baada ya kusoma. Anasema ulikaa garini mpaka vidole vyake vikawa kama zabibu kavu. Anasema aliimba ili apate joto, na hakuniambia aliimba nini.

Mtu hamwachi Keith majini peke yake. Hata kama nyumba inaungua, unamfunga taulo kwanza, unampeleka kitandani, ndipo uende ukaseme kweli.

Narudi Ijumaa ijayo. Daktari amenikataza kuinua kitu kizito mpaka mwaka mpya. Hotelini waambie unavyojua. Leo mchemshie supu, mvishe soksi mbili, na kesho maji yawe ya moto.

Dada yako,
Glenys